Darasa la wanafunzi 500: mhadhiri anasaidiwaje?

SWALI: Mimi ni mratibu wa taaluma katika kitivo chetu. Kozi za mwaka wa kwanza sasa zina wanafunzi kati ya 450 na 600 katika ukumbi mmoja. Mwaka jana tuliwaandalia wahadhiri semina ya siku mbili kuhusu mbinu shirikishi. Walichangia vizuri, wakapewa vyeti, na muhula ulipofunguliwa wakarudi kwenye slaidi zao kama zamani. Nikiwauliza, wananiambia mbinu hizo ni za madarasa madogo, silabasi ni ndefu, usahihishaji unawamaliza, na wanafunzi wenyewe hawataki kushirikishwa. Bajeti yetu ni ndogo. Tuanzie wapi?

JIBU: Mratibu, hayo manne waliyokuambia wahadhiri wako usiyachukue kama visingizio. Ni orodha ya mahitaji, na ina ukweli mwingi kuliko ripoti ya semina yoyote. Semina ya siku mbili inamwonyesha mhadhiri kwamba ipo namna nyingine ya kufundisha. Haimpi maswali ya kuuliza Jumatatu saa mbili asubuhi, haimpi mtu wa kusahihisha naye karatasi 500, wala haimpi ruhusa ya kupunguza mada. Akirudi ofisini anakuta slaidi za mwaka jana ziko tayari, na kingine chochote hakipo. Mtu yeyote mwenye kazi nyingi atachukua slaidi. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba fedha kidogo mlizo nazo mzitoe kwenye semina, mzihamishie kwenye maandalizi ya kozi na kwenye mikono ya kumsaidia mhadhiri. Mafunzo yaje baadaye, akiwa tayari na kitu cha kufanyia mazoezi.

Nianze na hoja yao ya kwanza, kwamba darasa kubwa halifundishiki ila kwa mhadhara. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, katika kozi ya fizikia ya mwaka wa kwanza. Makundi mawili, kila moja likiwa na wanafunzi takriban 270, yalifundishwa mada ileile kwa wiki moja. Kundi la kwanza lilibaki na mhadhiri mwenye uzoefu wa miaka mingi, ambaye wanafunzi walimpa alama za juu. La pili likakabidhiwa walimu wawili wasio na uzoefu wa kufundisha kozi ya namna hiyo, ila waliokuwa wamefunzwa kuendesha kipindi kwa maswali na mijadala. Mtihani mfupi ulipotolewa mwishoni, kundi la mhadhiri mzoefu lilipata wastani wa asilimia 41, na lile la wageni asilimia 74.

Wengi wakinukuu matokeo hayo huishia hapo. Kwako wewe unayepanga bajeti, la maana zaidi limo ndani ya ripoti hiyohiyo: kuandaa kipindi cha kwanza kulichukua takriban saa 20 za kazi, zikashuka hadi 10 kufikia kipindi cha tatu, na watafiti wakakadiria kwamba mhadhiri mwenye uzoefu wa wastani katika mtindo huo angehitaji kama saa 5 za maandalizi kwa kila saa moja darasani. Hapo ndipo penye fundo. Mhadhiri anayefundisha kozi tatu hawezi kuzipata saa hizo kwa nia njema peke yake. Lazima mtu ampunguzie kitu kingine, au kazi hiyo aigawane na wenzake.

Ila usimwahidi mtu kwamba ukubwa wa darasa hauna gharama. Uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, ulikuta kwamba waliofeli katika mihadhara ya kawaida walikuwa asilimia 33.8, na katika madarasa yaliyowashughulisha wanafunzi asilimia 21.8. Faida ilionekana katika madarasa ya ukubwa wote, lakini ilikuwa kubwa zaidi palipokuwa na wanafunzi 50 au pungufu. Mwambie mhadhiri wako hivyohivyo: darasa la 500 halitageuka la 30, ila linaweza kuwa zuri kuliko lilivyo sasa, na tofauti hiyo inatosha kuwaokoa wanafunzi wengi.

Sasa, katika mbinu zote zilizotajwa kwenye semina yenu, chagueni moja. Mimi ningechagua swali la katikati ya kipindi, kwa sababu halihitaji kuvunja ratiba, halihitaji ukumbi mpya, na mhadhiri anaweza kulijaribu mara moja kwa wiki bila kuhatarisha kitu. Mtindo ninaousema ulianzishwa na Eric Mazur, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, mwaka 1991. Mhadhiri anafundisha dhana moja kwa muda mfupi, kisha anaweka swali la kuchagua jibu. Kila mwanafunzi anafikiri peke yake na kupiga kura. Baada ya hapo anamgeukia jirani yake, na kila mmoja anajaribu kumshawishi mwenzake. Wanapiga kura tena. Ndipo mhadhiri anapoeleza.

Kura ya kwanza ndiyo inayomwongoza. Waliopatia wakiwa chini ya theluthi hivi, majadiliano hayatazaa kitu, arudi kuifundisha dhana upya. Wakizidi asilimia 70, aeleze kwa kifupi na kuendelea. Wakiwa katikati, hapo awaache wabishane, maana hapo ndipo penye mavuno. Na hawabishani bure: utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba majadiliano yaliboresha uelewa hata katika vikundi ambavyo mwanzoni hapakuwa na hata mmoja aliyelijua jibu. Kuambukizana jibu sahihi peke yake hakuwezi kueleza jambo hilo.

Vifaa visiwasumbue. Simu zinafaa kama mtandao wa ukumbini unaaminika. Kama hauaminiki, karatasi nne zenye herufi A, B, C na D zinatosha, au vidole vinavyoinuliwa kifuani, kimoja hadi vinne, ili jirani wa nyuma asione. Mhadhiri hahitaji hesabu kamili, anahitaji kujua kama ukumbi umegawanyika. Muhimu ni kura iinuliwe kwa pamoja, la sivyo wengi watasubiri kuona wenzao wanaelekea wapi.

Ugumu wote uko kwenye kuandika swali lenyewe, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu. Swali la kumbukumbu halizai mjadala. Ukiuliza "Nini maana ya wastani?", anayekumbuka atajibu, asiyekumbuka atanyamaza, na hakuna la kubishania. Linganisha na hili: "Mshahara wa wastani katika kampuni fulani umepanda mwaka huu, ingawa hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyeongezewa mshahara. Je, inawezekana?" Majibu: A, haiwezekani, B, inawezekana iwapo baadhi ya wenye mishahara midogo wameondoka, C, inawezekana iwapo tu kuna makosa ya hesabu, D, inawezekana iwapo kampuni imeajiri watu wengi wa ngazi ya chini. Anayefikiri wastani ni jumla ya mabadiliko ya mtu mmoja mmoja atachagua A au C. Anayejua kwamba idadi ya watu inahusika lakini hajapima inahusika kwa upande gani atavutwa na D. Kila jibu lisilo sahihi limewekewa mtu wake, na mhadhiri akiziona kura anajua ni kosa gani la kufikiri limeenea ukumbini.

Wenye masomo ya sheria, historia au fasihi watakuambia mambo yao hayana jibu moja. Waombe hivi. Wa sheria aandike mkasa mfupi wenye mambo manne ya ukweli, aulize ni lipi kati ya hayo likibadilishwa litaigeuza hukumu. Wa historia aweke sentensi nne na kuuliza ipi ni hoja inayoweza kupingwa kwa ushahidi na zipi ni maelezo tu. Yakitokea majibu mawili yanayoweza kutetewa, vizuri zaidi, mradi mhadhiri awe amejiandaa kusema kwa nini.

Majibu ya kupotosha yasitungwe kichwani. Yamo kwenye karatasi za mtihani wa mwaka jana. Mchukue msaidizi mmoja, mpe karatasi 60 zilizofanya vibaya swali fulani, akuletee makosa yaliyojirudia. Hiyo ni kazi ya siku moja au mbili, na itawapa maswali ambayo hakuna kitabu cha kigeni kingeweza kuwapa, maana makosa ni ya wanafunzi wenu wenyewe.

Jambo dogo la muda. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyefuatilia masomo ya sayansi katika shule za msingi miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu walisubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu kabla ya kudakia. Walipozoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka na waliojitokeza kujibu wakaongezeka. Mbele ya watu 500 kimya cha sekunde tatu kinaonekana kama cha dakika nzima, na wahadhiri wengi hukikimbia kwa kujijibu wenyewe. Mfundisheni mhadhiri kuhesabu kimoyomoyo. Ni mafunzo yasiyogharimu chochote.

Hoja yao kwamba wanafunzi hawataki kushirikishwa ni ya kweli, na ni wewe, si mhadhiri, unayeweza kuitatua. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Harvard katika kozi za fizikia: wanafunzi waliofundishwa kwa kushughulishwa walipata alama nzuri zaidi katika jaribio, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wale waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Ukikaa ukamsikiliza msemaji hodari, kila kitu kinaonekana wazi, na uwazi huo unaudhania uelewa. Ukilazimishwa kujaribu na kukosea, unatoka umechoka na una mashaka.

Tafakari maana yake kiutawala. Mhadhiri anabadili ufundishaji, wanafunzi wake wanajifunza zaidi, na mwisho wa muhula wanajaza fomu ya tathmini wakisema "hatufundishwi, tunaambiwa tujadiliane wenyewe". Kama fomu hiyo ndiyo inayoamua kupandishwa cheo, mmemwomba ajichimbie shimo. Kabla hujamwalika yeyote kujaribu, pata uamuzi wa maandishi kutoka kwa mkuu wa kitivo kwamba tathmini za wanafunzi katika mihula miwili ya kwanza ya kozi iliyobadilishwa hazitatumika dhidi ya mhadhiri. Bila barua hiyo nisingemshauri mhadhiri kijana hata mmoja ajitose. Upande wa wanafunzi, mhadhiri awaeleze siku ya kwanza kwa nini kozi inaendeshwa hivyo, awatajie hata matokeo hayo ya 2019, na arudie maelezo hayo wiki ya nne baada ya jaribio la kwanza, kwa sababu siku ya kwanza hakuna anayesikiliza.

Silabasi. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. "Kumaliza silabasi" katika ukumbi wa watu 500 mara nyingi maana yake ni kwamba mhadhiri ameimaliza. Wanafunzi waliishia sura ya tatu. Lakini mhadhiri mmoja hana mamlaka ya kukata mada, hasa kama kozi ya mwaka wa pili inaitegemea. Hiyo ni kazi ya idara. Waiteni wanaofundisha kozi zinazofuata, waulizwe swali moja tu: katika mada hizi, ni zipi ambazo mwanafunzi asipozijua kwenu anakwama? Mtashangaa orodha itakavyokuwa fupi. Zinazobaki zigawanywe: nyingine zihamie kwenye usomaji wa nyumbani wenye maswali machache mepesi ya kujibu kabla ya kipindi, nyingine zifutwe. Usomaji usio na maswali yanayohesabiwa hausomwi, tusidanganyane.

Nije kwenye usahihishaji, ambao nadhani ndio unaowaumiza zaidi. Fanya hesabu: karatasi 500, kila moja dakika 10, ni dakika 5,000, yaani zaidi ya saa 83. Hizo ni wiki mbili nzima za kazi kwa zoezi moja, na zikikamilika mwanafunzi ameshasahau aliandika nini. Hakuna mbinu ya ufundishaji itakayostahimili mzigo huo. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mhadhiri aongeze mazoezi, mwonyeshe jinsi ya kutosahihisha.

Kuna kazi za kupima na kuna kazi za kujifunza, na za pili hazihitaji alama. Mwisho wa kipindi wanafunzi wanaweza kuandika kwenye kipande cha karatasi jambo moja waliloelewa na moja lililowachanganya. Zikikusanywa 500, mhadhiri avute 40 bila kuchagua, azisome kwa nusu saa, na aanze kipindi kinachofuata kwa kujibu lililojirudia. Si lazima kila mwandishi ajibiwe, bora wote waone kwamba yanayoandikwa yanabadilisha kipindi. Wakiona hakuna kinachobadilika, wiki ya tatu wataandika "sawa tu".

Njia nyingine ni kazi ya timu. Larry Michaelsen, aliyekuwa akifundisha masomo ya biashara Chuo Kikuu cha Oklahoma, alibuni mtindo wake wa kufundisha kwa timu mwishoni mwa miaka ya 1970, darasa lake lilipopanda kutoka wanafunzi 40 hadi 120. Timu ni za kudumu muhula mzima. Kila mada inaanza kwa jaribio fupi la mtu mmoja mmoja kuhusu walichosoma, halafu jaribio lilelile linafanywa tena na timu kwa pamoja, na alama zote mbili zinahesabiwa. Mabishano ya raundi ya pili ndiyo ufundishaji wenyewe. Kwa darasa la 500, timu za watano zinakupa karatasi 100 badala ya 500. Kwa kasi ileile ya dakika 10 ni chini ya saa 17, na zikigawanywa kwa watu watatu mnazimaliza ndani ya siku moja. Timu zipangwe na mhadhiri au kwa kubahatisha, si kwa urafiki. Na pawe na njia ya wanatimu kupimana mchango, maana mtegeaji hakosekani.

Majaribio mafupi ya mara kwa mara, yenye alama kidogo, yana faida nyingine. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliokisoma tena na tena, ingawa baada ya dakika tano tu hali ilikuwa kinyume. Jaribio, kwa hiyo, linafundisha. Likiwa na alama kidogo, kishawishi cha kuibia nacho kinapungua. Kinyume chake, insha za kwenda kuandika nyumbani katika darasa la mamia zimekuwa kipimo dhaifu tangu programu za akili mnemba zianze kuandika insha kamili kwa sekunde chache. Alama nyingi zihamishieni kwenye kazi zinazofanyika ukumbini.

Kwa yale yanayobaki kusahihishwa kwa mkono, kuna desturi mbili za kuokoa muda na haki. Wasahihishaji wote wakae pamoja wasahihishe karatasi 10 zilezile, walinganishe alama, waurekebishe mwongozo, ndipo wagawane. Na wagawane kwa swali, si kwa bunda: mmoja asahihishe swali la kwanza la wote. Mkono unazoea, alama zinalingana, na malalamiko yanapungua. Baada ya hapo, badala ya maoni 500 yanayofanana, mhadhiri aandike ukurasa mmoja wa makosa makubwa matano, kila kosa likiwa na mfano wa jibu lililorekebishwa, na msahihishaji aandike pembeni mwa karatasi namba ya kosa tu.

Wasaidizi mtawapata wapi kwa bajeti ndogo? Si lazima wawe wa shahada za juu. Colorado Boulder wamekuwa wakiwatumia wanafunzi wa shahada ya kwanza waliofanya vizuri katika kozi hiyohiyo, wanaozunguka kati ya vikundi wakati wa mijadala na kuuliza maswali ya kuchokoza. Mfumo wao una mambo mawili ambayo vyuo vingi vikiiga huyaacha: kikao cha kila wiki na mhadhiri kuandaa kipindi kijacho, na kozi fupi ya ufundishaji kwa wasaidizi wenyewe. Msaidizi asiye na kikao cha wiki huishia kuwa mshika rejista ya mahudhurio. Mwenye kikao anakuwa pia sikio la mhadhiri, kwa sababu wanafunzi watamwambia yeye wasichothubutu kumwambia mhadhiri. Kama hamna fedha ya posho, jaribuni kuwapa alama za kozi au kuitambua kazi hiyo kwenye hati zao za matokeo, ila msiwatumie bure. Mwaka wa pili hamtawapata.

Kuhusu ukumbi wenyewe sina mengi. Acheni safu moja wazi kila baada ya mbili ili mhadhiri na wasaidizi wapenye hadi katikati. Pawe na kipaza sauti cha pili cha kupitisha kwa wanafunzi, na mhadhiri arudie kila swali kabla ya kulijibu. Kilichoandikwa kwenye slaidi asome kwa sauti, kwa ajili ya wasioona vizuri na wa safu za nyuma. Akubaliane na wanafunzi ishara moja ya kusitisha mazungumzo, mkono juu au taa kuzimwa na kuwashwa, na aitumie vilevile kila mara.

Hatari kubwa zaidi ya darasa kubwa ni kwamba linamficha anayezama. Kwenye darasa la 30, mtu asipoonekana wiki mbili jina lake linatajwa. Kwenye la 500 anagunduliwa kwenye matokeo ya mwisho. Wiki ya tatu, msaidizi atoe orodha ya wote ambao hawajawasilisha zoezi la kwanza, na kila mmoja atumiwe ujumbe mfupi wenye jina lake, usio wa vitisho, ukimwambia ni wapi na saa ngapi anaweza kupata msaada. Pia angalieni nani anazungumza. Ukiachia mikono iinuke yenyewe, sauti 10 zilezile ndizo zitakazosikika hadi mwisho wa muhula. Afadhali mhadhiri aite kikundi kuliko mtu, "watatu mlio mwisho wa safu ya nane, mmekubaliana nini?", na msemaji wa kikundi abadilike kila wiki. Mwanafunzi mwenye haya anaweza kutoa jibu la kikundi hata kama asingethubutu kutoa lake. Utafiti wa Sarah Eddy na Kelly Hogan uliotoka mwaka 2014, kuhusu kozi kubwa ya biolojia katika Chuo Kikuu cha North Carolina, ulionyesha kwamba kuiongezea kozi mpangilio wa namna hii, yaani usomaji unaoongozwa kabla ya kipindi, maswali ndani ya kipindi na mazoezi baada yake, kuliwanufaisha wote, na kuliwanufaisha zaidi wanafunzi weusi na wale ambao katika familia zao ndio wa kwanza kufika chuo kikuu.

Sasa mpango wa kazi. Usizichukue kozi zote. Tafuta tatu, na wahadhiri wake wawe wamejitolea. Mhadhiri aliyelazimishwa atathibitisha kwamba mbinu haifai, na atakuwa na ushahidi. Muhula mmoja kabla, kila mmoja apunguziwe mzigo mmoja, iwe kozi, kamati au usimamizi wa mitihani, na apewe msaidizi wa kuchambua karatasi za mwaka jana. Lengo la muhula huo ni kuandika maswali mawili kwa kila kipindi. Maswali hayo, pamoja na takwimu za kura na maelezo ya nini kilitokea ukumbini, yawe mali ya idara na yahifadhiwe mahali ambapo mhadhiri anayefuata atayakuta. Nimeona kozi nzuri zikifa kwa sababu aliyezijenga alihamishwa akaondoka na kompyuta yake.

Wahadhiri hao watatu wakutane kila baada ya wiki mbili kwa saa moja, wakiwa na swali moja lililofanya vizuri na moja lililoanguka. Kikao hicho ndicho semina yenu mpya. Watembeleane darasani pia, na mgeni asiandike maoni ya jumla kama "kipindi kilikuwa kizuri". Mpe jedwali rahisi: kila dakika mbili aweke alama mhadhiri anafanya nini na wanafunzi wanafanya nini. Mwisho wa kipindi mhadhiri anaona mwenyewe kwamba alizungumza dakika 44 kati ya 50 ilhali alidhani amezungumza nusu. Jedwali hilo libaki kwa mhadhiri, lisiingie kwenye faili lake la utumishi. Likiingia mara moja tu, hamtamwona tena mtu akimkaribisha mwenzake darasani.

Na kabla muhula haujaanza, chagua pamoja nao maswali manane au kumi ya mtihani wa mwaka jana yanayopima uelewa, myafungie, na myarudishe yaleyale kwenye mtihani wa mwaka huu. Kiwango cha ufaulu cha jumla hakitawaambia kitu, kwa kuwa mtihani hubadilika na wasahihishaji hubadilika. Maswali yaleyale, kwa mwongozo uleule wa kusahihishia, yatawaonyesha kama kuna kilichosogea, na hicho ndicho mtakachompelekea mkuu wa kitivo mnapoomba fedha za kozi ya nne.